Mwalimu wa Kuachilia

Wamalwa alikuwa anapita Kabalagala, mtaa wa Kampala, mchana, hana kazi wala nauli, alipochungulia ua wa nyumba moja akamwona mama wa Kizungu amekaa chini, miguu kaikunja, macho kayafumba, hafanyi lolote. Mbele yake watu sita wamekaa vivyo hivyo.

"Hawa wamefanya kosa gani?" akamuuliza mlinzi.

"Hakuna kosa, ssebo, bwana wangu. Wanaacha tamaa."

"Na huyo mama?"

"Anawafundisha. Wanamlipa."

Wamalwa akavihesabu tena vile vichwa sita. Tangu atoke Bungoma aliwahi kuuza majivu kama dawa ya mende, aliwahi kuwa mchungaji wa kanisa lisilo na waumini, na kote huko alitoka jasho. Kumbe kuna watu wanalipwa kwa kunyamaza!

Na wakati ulimfaa. Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma, watu wa Kampala wameanza kununua vitu tena. Aliyeporwa redio na askari alikuwa na redio mpya, lakini usiku anaamka kuipapasa kama bado ipo. Mji mzima ulikuwa na vitu na hauna usingizi.

Wamalwa akanyoa kichwa, akajifunga shuka nyeupe, akapanga chumba cha mabati Namuwongo, karibu na reli.

"Mnadhani mmevishika vitu," aliwaambia waliokuja. "Vitu ndivyo vimewashika ninyi. Kile unachokipenda kuliko vyote, kilete hapa, kikae siku arobaini bila kukiona. Utarudi moyo mwepesi kama unyoya. Ila usimwambie ndugu yako. Ndugu ndiye mwamsha tamaa."

Jamani, mtu akikupa neno jema kisha akakukataza kulisema nyumbani, hilo neno si jema. Lakini nani aliuliza? Phelister, Mkenya mwenzake, fundi wa nguo, alileta cherehani yake mwenyewe. Mwingine akaleta baiskeli. Wakakunja miguu, wakafumba macho. Chumba kikajaa amani na mali.

Kisha akaja Zubaida, mjane wa Kinubi, na sanduku la bati lenye kufuli. Ndani mlikuwa na dhahabu aliyoachiwa na mama yake, ya kumvisha binti yake Sumayiya siku ya arusi. Kwao bibi arusi akitoka bila dhahabu ya nyanya yake, husemwa mpaka azeeke.

"Mwalimu, nimechoka. Kila usiku naamka mara tatu kuligusa. Nikisikia paka, naona mwizi."

"Litue, mama."

"Lakini arusi ni wiki mbili zijazo."

"Wewe nitakuhurumia. Siku saba."

Zubaida akaanza, "Ndani kuna..."

"Usiniambie!" Wamalwa akaziba masikio kwa utakatifu mkubwa. "Mimi nilishamaliza kutamani. Hata ufunguo kaa nao."

Hapo ujanja ulimkata mwenye nao. Zubaida alipoondoka tu, Wamalwa alilitikisa sanduku, likalia vizuri sana. Sasa alifungueje? Nyumba za Namuwongo mtu akikohoa jirani anasema pole, na mwalimu wa ukimya hawezi kusikika akigonga nyundo. Akavumilia siku tatu. Ya nne akalibeba hadi Katwe, kwa mafundi wa vyuma, mahali ambapo nyundo moja zaidi haisikiki.

Akalishusha mbele ya fundi aliyekuwa na karakana kubwa kidogo. Fundi akalipindua, akazipapasa kona. Katwe kila mtu anaijua kazi ya mkono wake, na kona hizi zilikunjwa mara mbili kisha zikapigwa ribiti tatu tatu. Mtu mmoja tu alijisumbua hivyo, naye alikuwa Abdul-Latif. Ndiye aliyelishika sasa. Alilitengeneza mwenyewe, akampa dada yake, Zubaida.

"La nani hili?" akauliza taratibu.

"La mama yangu. Marehemu."

"Pole sana, ssebo. Aliitwa nani?"

"Aliitwa... Phelister."

"Mungu amlaze. Hili linataka moto, na moto wangu leo umeisha. Liache. Marehemu hakuacha vitu vingine? Kesho saa nne nina wanunuzi, wanachukua kila kitu."

Hapo Wamalwa alipaswa kunusa. Lakini pua yake ilikuwa imeshaanza kula nyama choma ya kesho.

"Marehemu alikuwa na vitu vingi sana," alisema.

Kesho yake saa nne alifika na mkokoteni umejaa, cherehani juu kabisa. Karakanani wanunuzi walikuwa wamekaa chini, kumi na wanne, miguu wameikunja, macho wameyafumba, kama walivyofundishwa. Zubaida, ambaye kaka yake alimtuma usiku kuwaita wenzake wote, alikuwa katikati, na pembeni yake Sumayiya, macho wazi.

Phelister akafumbua jicho moja. "Mwalimu, nasikia nilikufa. Mlinizika wapi?"

Kila mtu akachukua chake. Kisha wakachukua saa ya Wamalwa, viatu vyake, na shuka. Akabaki na kaptula. Mtu mwingine angelia au angekimbia. Wamalwa akakunja mikono kifuani, akatabasamu.

"Asanteni," alisema. "Mngejuaje kwamba mnatamani hata viatu vyangu, kama nisingewaletea tamaa zenu hapa ziamke? Mimi nimevua vyote. Ninyi mmebeba vyote. Nani amefika?"

Akaondoka polepole, peku, katikati ya vyuma vya Katwe, wala hakutazama nyuma.

Wote wakamsindikiza kwa macho.

"Hakugombea hata viatu," Phelister alinong'ona. "Banange, huyu kweli amevuka!" Akajitwika cherehani kichwani, akamfuata mbio. "Mwalimu! Mwalimu, ningoje!" Mwenye baiskeli naye akapanda, akakanyaga pedali. Wengine wakanyanyuka, mmoja mmoja, na vitu vyao.

Zubaida alikuwa ameshika mkono wa sanduku.

"Mama, unaenda wapi?" Sumayiya aliuliza.

"Kumwomba msamaha tu, mwanangu. Tulimkosea."

"Na sanduku?"

Zubaida akaanza kuliburuta. Sumayiya akakusanya gauni lake, akakaa juu ya sanduku kwa uzito wake wote. Mama akavuta. Binti hakutikisika.

"Mjomba," alisema Sumayiya bila kuinuka, "washa moto. Lichomelee kwenye meza yako ya chuma mpaka siku ya arusi."

Abdul-Latif alikuwa ameshavaa miwani ya kuchomelea.