Dinamo ya Bwana Adolphe

Jumanne, 8 Julai

Mjomba Huseni ametangaza leo mbele ya gereji nzima. Wiki ijayo anakwenda Kigoma miezi miwili kusimamia ujenzi wa nyumba ya binti yake. Funguo ataziacha kwa mmoja wetu: mimi au Ilias. Atakayeleta wateja wengi hadi Jumapili, ndiye.

Mimi au Ilias! Mimi ni mtoto wa dada yake. Ilias ni fundi aliyetokea tu na adabu zake, anamwamkia Mjomba mara tatu kwa siku. Hata ovaroli yake haina mafuta. Fundi gani huyo?

Tatizo ni wateja. Essence, yaani petroli, imekosekana wiki ya tatu, magari yamelala majumbani, mtaa wetu wote wa Buyenzi tunacheza dama kwa vizibo vya soda. Leo ameingia mmoja tu, Bwana Adolphe wa Gasenyi, mtumishi wa serikali. Dinamo ya gari lake haichaji tena betri. Nimemwahidi nyingine.

Bwana Adolphe tunamjua. Ukimbadilishia kifaa, lazima umkabidhi kile cha zamani mkononi, ajue hukumwibia. Wateja wote hufanya hivyo, ila wenzake huvitupa. Yeye anavyo gunia zima sebuleni. Mke wake, Mama Dorothée, anasema wageni wanalitumia kama meza ya chai.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata wazo!

Assia muuza chai alikuwa Ruziba juzi. Anasema ufukweni kule wamehamia wachoraji, wapiga gitaa na vijana wa rasta. Kila Jumapili wanatandika vitambaa mchangani na kuuza vitu vikuukuu: sahani za bibi zao, redio zisizosema, kiatu kimoja kisicho na mwenzake. Wazungu na watu wa ONG, yale mashirika ya misaada, wanakuja kununua. Na wanakuja kwa magari! Essence wanaipata wapi sijui, lakini Assia ameyasikia magari hayo yakikohoa.

Basi nitaunda sanamu ya vyuma vya zamani, kiboko mzima wa ziwani, nitamvalisha kibao: GEREJI YA HUSENI, BUYENZI. Watu watashangaa, wataniuliza, nitarudi na wateja ishirini. Nimemwomba Ilias anichomelee. Amejibu kwamba mashine ya kuchomelea ni ya kazi. Wivu mtupu. Nitafunga kwa bolti.

Tumbo la kiboko litakuwa dinamo ya zamani ya Bwana Adolphe, niliyoing'oa jana. Ina umbo lenyewe kabisa. Nimeisugua kwa mafuta ya taa na mswaki mpaka ikang'aa. Mswaki ni wa Ilias. Hajui.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemfungia Bwana Adolphe dinamo mpya. Yaani mpya ya Dubai, iliyotolewa kwenye gari la mtu mwingine. Zilikuwa mbili mezani, nikachukua inayong'aa, nikafunga. Ile yenye vumbi nikaiweka kando kwa ajili ya kiboko. Ajabu jinsi vumbi linavyorudi haraka Buyenzi! Sina muda wa kuisugua tena.

Betri tulikuwa tumeichaji, gari likawaka mara moja. Bwana Adolphe hakuwasha uso. Alinyoosha mkono.

"Iko wapi kyuma yangu ya zamani? Mi siende bila iyo."

Nikamwambia iko kwenye uchunguzi. Akauliza uchunguzi wa nini. Nikasema wa chanzo cha kifo. Ilias alicheka mpaka akaangusha spana. Mwishowe Bwana Adolphe amekubali kungoja hadi Jumapili baada ya misa. Gari ataliegesha mpaka siku hiyo, kuokoa essence.

Jumamosi, 12 Julai

Kiboko amekamilika. Miguu ni pistoni nne, kichwa ni kisanduku cha gia, tumbo ni dinamo. Nilikuwa karibu kulia kwa furaha.

Assia amesema ni jiko zuri. Mjomba amepita, akamtazama, akauliza ajali ilitokea wapi.

Jumapili, 13 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilifika Ruziba asubuhi, kiboko kafungwa nyuma ya baiskeli ya mizigo. Mélissa, mchoraji mwenye shanga hadi vifundoni, alinipa nafasi kati ya picha zake na mzee anayeuza kufuli zisizo na funguo. Alimtazama kiboko kwa muda mrefu, akasema anaona maumivu ya jiji lisilo na mafuta. Nikasema ndiyo, hayo hasa, ninayo kichwani tangu Jumatano.

Hadi saa tano nilikuwa na watu thelathini wanaoshangaa na mteja sifuri. Kile kibao walidhani ni jina la sanamu. Mama mmoja Mbelgiji wa ONG alitaka kumnunua kiboko amweke getini. Nikaanza kufikiri kwamba gereji ni kazi ya watu wa kawaida.

Hapo nikamwona Ilias. Na sanduku lake la spana! Amepiga magoti mbele ya jenereta ya Mélissa, ananyonya bomba la mafuta bila aibu. Jenereta ikaunguruma. Watu wakamzunguka.

Kisha likaja gari la Bwana Adolphe. Ndani: yeye, Mama Dorothée katika nguo za misa, na Mjomba Huseni, aliyewaonyesha njia ya kukifuata kile chuma cha zamani. Likashuka hadi mchangani, likakohoa, likafa katikati ya sahani za bibi za watu. Betri imekauka.

Mjomba alifungua boneti, akapapasa dinamo. Akaja kwa kiboko wangu, akazungusha puli, kile kigurudumu cha tumbo, kwa kidole kimoja, akatega sikio.

"We Yahaya," akasema, "huyu kiboko ni muzima. Gari ndiyo inakufa."

Niliona aibu hadi visigino. Nikashika spana. Bolti ya kwanza, miguu ikaanguka. Ya pili, kichwa kikabingirika hadi kwenye kufuli za mzee. Nikaifunga dinamo ya tumboni kwenye gari, Ilias akaleta nyaya na kuazima umeme kwenye gari la Mbelgiji, injini ikawaka. Makofi! Mélissa alifuta machozi, akasema hajaona msanii jasiri wa kuiua kazi yake mwenyewe.

Mbelgiji akaomba anwani ya gereji. Akamwomba Ilias. Wengine saba wakafanya hivyo hivyo.

Nikamkabidhi Bwana Adolphe kifaa chake cha zamani kwa mikono miwili. Akakigeuza, akakigeuza tena.

"Apana. Hii si yangu. Yangu ilikuwa nyeusi."

Jumanne, 15 Julai

Wateja wanane kwa sifuri. Mjomba ameondoka, funguo zinaning'inia kiunoni kwa Ilias. Jana nililia kidogo nyuma ya matairi. Leo nimechunguza chanzo. Ni Dubai. Wangefuta vumbi kabla ya kutuma, lisingetokea lolote.

Ilias ameagiza kila kifaa cha zamani kiandikwe jina la mwenyewe kwa chaki. Nimemwambia chaki ni ya watu wasahaulifu.

Mélissa ameleta salamu: Jumapili hii anataka sanamu kubwa zaidi. Na Mbelgiji ameleta gari, stata, ile mota ya kuwashia injini, imekufa. Ile ya zamani ina umbo la mamba, la ajabu! Nimeisugua kwa mswaki (Ilias amenunua mwingine, huu sasa ni wangu) mpaka inang'aa. Ipo mezani kando ya ile mpya. Kesho asubuhi nafunga.

Chaki sijatumia. Nitakumbuka.