Kabati la Mama Mkwe Lazima Lioze

Jumatatu, 3 Machi
Kabati la mama mkwe limemeza chumba cha kulala. Naenda kitandani kiubavu. Dirisha halifunguki. Nimemwambia mke wangu tulitoe. Akajibu kwamba likitoka, naye anatoka nalo. Basi itabidi life lenyewe, bila mkono wa mtu.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji amekuja kula. Ni mwalimu wa biolojia, kwa hiyo hatuli, tunasomeshwa. Leo nilitega sikio. Kumbe kuvu hazina meno. Zinapenyeza nyuzi ndani ya mbao, zinatoa majimaji ya kuimeng'enya, mbao inageuka sukari, zinafyonza. Kinachotakiwa ni unyevu. Nikamwongezea nyama. Akanitazama kwa wasiwasi.

Alhamisi, 20 Machi
Mke akishaenda kazini, namwaga ndoo ya maji chini ya kabati na kulipangusa lote kwa kitambaa kibichi. Nyuma yake nimebana kipande cha gogo bovu lenye kuvu tele. Watu wananidharau bure.

Jumapili, 11 Mei
Harufu ya uozo! Mke kanikuta nimepiga magoti, nanusa. Nikasema natafuta soksi.

Jumamosi, 19 Julai
Nimekaa kitandani nivae viatu, nikajikuta sakafuni. Miguu miwili ya kitanda imekatika kwa mpigo. Kitanda hicho nilikiunda mwenyewe kwa mbao za masanduku, na maji yote yalikuwa yanateremkia huko. Mbao imekuwa ya kahawia, imepasuka vipande vya mraba, ukiifinya ni unga. Shemeji akaja mbio, furaha tele. Akaeleza kuwa kuvu zimekula selulosi, ndiyo nguvu ya mbao, zikaacha lignini, gundi yake, ambayo peke yake haibebi mtu. Na kabati? Akaligonga. Hiyo ni mbao ya kiini cha mti, akasema, ina sumu yake ya asili, kuvu zinaikimbia. Angesema hayo Machi angepungukiwa nini?

Jumapili, 27 Julai
Mama mkwe amefika. Kumbe mke alijua siku zote kwamba napangusa kabati, akadhani ni mapenzi, akamsimulia. Mama mkwe akalia. Miaka yote naitwa "huyo", leo kaniita mwanangu. Niliona aibu, aibu ya kweli, nikalia pia.

Kisha akatupatia kitanda chake. Mbao ileile. Wanaume sita wamekiingiza kwa matusi. Sasa hata mlango unafunguka nusu.

Nimewaza mchana kutwa. Sumu ni kitu cha kuoshwa tu. Kosa lilikuwa ndoo. Kesho nanunua mpira wa maji.