Buibui Waliofanana na Sisimizi

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi moja, wasichana wawili. Shangazi, mtunza wadudu wa chuo, anatafuta msaidizi. Mimi na binamu yangu Domokaya tunajaribiwa wiki hii. Nikikosa, mama atanipeleka dukani kwa mjomba nikaite wateja kwa kipaza sauti. Mimi! Ninayeona haya hata kuagiza chumvi!

Shangazi alitueleza habari za buibui wapya: hawatandi utando, hutembea ardhini na kulala katika vifuko vya hariri. Yaliyobaki sikuyasikia. Nilikuwa napanga. Domokaya ana maneno, basi mimi vitendo vitanisemea.

Jumanne, 4 Machi
Nimewahi kuliko wote. Kwenye sanduku la kioo, buibui hakuna. Sisimizi watupu! Wamewala wageni wa shangazi! Nikawafagia, nikawamwagia maji ya moto. Chini ya jani palikuwa na uchafu mweupe ulioganda. Nikaukwangua mpaka jani likang'aa.

Shangazi akauliza wako wapi. Nikajibu, kwa sauti ya mbu, kwamba wameliwa, ila nimewalipia kisasi. Akakaa kitako. Akasema hao sisimizi ndio buibui wenyewe. Hujifananisha nao ili ndege wasiwaguse. Na ule uchafu? Mayai.

Sasa nakumbuka. Mmoja hakukimbia. Alibaki juu ya jani, nami nikamsukuma kwa kidole.

Jumatano, 5 Machi
Domokaya ametangazia ukoo mzima. Ananiita Bibi Maji Moto. Eti hata nzi wa kwao wamehama. Nimeinama bustanini mchana kutwa, nikafukua, nikajaza kopo. Buibui wapya! Shangazi akachungulia, kisha akasema kwa upole: mwanangu, safari hii ni sisimizi kweli.

Afadhali angenifokea.

Ijumaa, 7 Machi
Lile sanduku bado tupu. Hupita nimegeuza uso.

Shangazi ana moyo. Atachagua kesho jioni, na leo amenipa chumba cha pili, chenye mimea ndani ya vizimba vya wavu. Nimwagilie tu, basi. Domokaya akanong'ona kwamba mjomba keshanunua betri za kipaza sauti.

Tutaona! Mimea ile imejaa vijiti vikavu, vibaya sana, na hakuna aliyejali kuviondoa. Kimoja kilisogea. Upepo huo, ingawa madirisha yamefungwa. Kesho nitawahi kuliko wote, na mkasi.