Mbegu Zinangoja Trekta

Jumatatu, 6 Machi 1978

Mwaka na miezi miwili tangu nitoke nyumbani Ugenya. Mgongo umechoka, akili iko macho. Naandika haya Kariobangi, huku jijini, nimeketi juu ya trekta yangu. Karibu iwe yangu, basi.

Bwana Abukar, mwenye uwanja wa vyuma chakavu ninakobeba mizigo, ametamka mbele ya watu: ile trekta kuukuu iliyotoka shamba la kahawa, ikiwaka kabla ya Jumamosi jioni, niichukue. Isipowaka, inakatwa vipande. Alicheka akisema hivyo. Acha acheke!

Mpango: naiwasha, naiendesha mpaka Ugenya, naingia bomani kwa moshi na kelele, nalima. Kwetu mdogo hapandi kabla ya mkubwa. Baba alishafariki na mimi ndiye mtoto wa kwanza. Mpaka mimi nitie mbegu ardhini, wadogo zangu wote wanakaa na mbegu zao ndani ya nyumba. Mvua iko karibu. Wananingoja. Watangoja kidogo tu.

Jumanne, 7 Machi

Gachanja, fundi wa majiko wa kibanda cha pili, alikuja kunifundisha kazi. Akauliza betri iko wapi. Nikamweleza kwamba hii ni ya magneto, haina haja ya betri. Kile kidude cha pembeni kikizungushwa kinatengeneza umeme wake chenyewe. Akasema hata yeye basi asile tena, azungushwe tu apate nguvu. Uwanja mzima ulicheka. Sasa naitwa Bwana Cheche.

Nikampangia kisasi. Nilifungua waya wa plagi, nikamwomba kwa heshima anishikie, nione kama umelegea. Kisha nikazungusha hendeli kwa nguvu zangu zote. Nilitaka arushwe hadi kwenye majiko yake. Wapi! Alisimama pale kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi, akauliza kama nimeshaanza.

Faida moja: sasa najua cheche hakuna.

Jumatano, 8 Machi

Nilifungua magneto. Niliishia darasa la tano, na darasa la tano halikuwa na magneto, lakini nyapara mmoja aliwahi kunionyesha. Ndani kuna vichuma viwili vinavyogusana na kuachana. Vikiachana ndipo cheche inaruka. Vyangu vilikuwa vyeusi kwa grisi na kutu. Nikavisugua kwa msasa, nikapima nafasi yake kwa kipande cha pakiti ya sigara. Zungusha, zungusha. Kimya.

Kuna pia springi inayopaswa kulia "tak!" ukizungusha polepole. Haikulia, mafuta ya zamani yameigandisha. Nikaiosha kwa mafuta ya taa niliyoazima kwa Wakiuru, anayetuuzia chai na mandazi. Tak! Tak! Nikamwita aje asikie. Akasema, "Baba Kezia, hata saa ya ukutani inalia hivyo, na hailimi." Akauliza mafuta yake yanarudi lini.

Nikairudisha magneto mahali pake. Kesho ni kesho.

Alhamisi, 9 Machi

Balaa! Mdogo wangu Ochola ameshuka kutoka basi la nyumbani, vumbi mpaka kwenye kope. Ugenya mvua imekwisha kunyesha. Mahindi ya majirani yanachungulia. Kwetu udongo mtupu. Mke wangu Rispa amesema nije hata kwa miguu. Wake za wadogo zangu wakikutana naye kisimani wanatazama pembeni, kana kwamba yeye ndiye amezikalia mbegu zao.

Ochola alisema, "Kaka, panda basi leo. Tupa punje moja tu ardhini, kisha urudi kwa chuma chako." Nikamuuliza: punje kwa mkono, kama mtu asiye na trekta? Akanijibu kwamba trekta sina. Maneno gani hayo kwa mkubwa wako!

Nikamwambia azungushe hendeli mara moja tu, nikaahidi kwamba ikikataa tunakwenda. Ikakataa. Nikamwambia hiyo haikuhesabika kwa kuwa hakusimama vizuri. Tukaendelea hivyo mpaka basi likaondoka bila sisi. Ana mabega mazuri, huyu kijana.

Ijumaa, 10 Machi

Nimeipata! Kuna waya mwembamba unaotoka kwenye magneto hadi swichi ya kuzimia. Waya huo ukigusa chuma, cheche inakufa na injini inazimika. Wangu umetafunwa na panya, unagusa chuma wakati wote. Yaani trekta imezimwa wiki nzima na mimi nazungusha! Nikaukata wote, nikautupa. Nikamwomba Gachanja ashike plagi tena. Akakataa, akasema amenijua. Nikashika mwenyewe. Nilirushwa, nikakalia mandazi ya Wakiuru. Furaha iliyoje!

Kasoro ndogo tu. Juzi nilipoirudisha magneto niliikosea nusu mzunguko, kwa hiyo cheche inaruka wakati usio wake. Bomba la moshi likalia kama bunduki, likatema moto. Wateja wa chai walilala chini. Gachanja, aliyekuwa karibu nalo, aliinuka akiwa na unyusi mmoja.

Ochola hasemi nami tena. Anazungusha tu.

Jumamosi, 11 Machi

IMEWAKA! Niliigeuza magneto ikakaa sawa, Ochola akavuta hendeli, ikakohoa, ikanguruma. Wakiuru alipiga vigelegele. Bwana Abukar alitoka na glasi ya chai mkononi, akasema neno lake ni moja, niichukue.

Ochola akaniomba sana tuizime, tuwahi basi. Nikatafuta pa kuizimia. Hapana! Waya wa kuzimia ndio ule nilioutupa. Basi, ya nini kuizima? Nikamwambia apande.

Breki hazipo. Usukani unakubali upande mmoja. Tulipita katikati ya majiko ya Gachanja, tukashika barabara ya Kangundo, inayokwenda mashariki. Ugenya iko magharibi. Ochola alinieleza jambo hilo kwa sauti kubwa njia nzima. Nilimjibu kwamba mbele tutapata pa kugeuzia. Tulipata shimo la machimbo ya mawe. Trekta ikatelemka mpaka chini, ikazama tope, ikaendelea kunguruma humo mpaka petroli ikaisha. Mvua ikaanza.

Ochola aliondoka kwa miguu kwenda stendi. Hakugeuka nyuma. Nadhani alikuwa na haraka.

Jumapili, 19 Machi

Habari kutoka nyumbani, zimeletwa na Okoth, utingo wa basi la kwetu. Ochola alipofika mikono mitupu, wazee walikaa. Wakaamua koti langu kuukuu, lililobaki ukutani, lihesabiwe kuwa mimi. Rispa akalivaa, akashika jembe, akatia mbegu ya kwanza, na wadogo zangu wakapanda siku ileile. Mahindi yameanza kutoa ncha. Rispa amenitumia salamu: koti limefanya kazi vizuri, na halikubishana na mtu.

Nimefurahi. Nimehuzunika kidogo. Kisha nikawaza vizuri, nikafurahi tena.

Trekta bado iko shimoni. Magneto iliingia maji, inakauka kando ya jiko la Wakiuru, ambaye anataka iondoke kabla hajaikaanga pamoja na mandazi. Gachanja amekubali kuja kuvuta kamba. Anasema lazima aone mwisho wake kwa macho.

Lakini koti ni koti. Shamba la mtoto wa kwanza haliwezi kufunguliwa na nguo! Nimemwagiza Okoth awaambie wasipalilie, wasiguse kitu. Jumamosi ya Pasaka naingia na trekta, na shamba lote, mahindi yakiwa humohumo, nitalilima upya. Wanitarajie kabla ya chakula cha mchana.