Mchemraba wa Muhogo

Jumatatu, 9 Juni

Nimeshtuka hadi nikakaa chini. Kabibi, mjukuu wangu, mke mwenzangu wa utani, karudi kutoka shule anasema sanduku lina nyuso sita. Sita! Mimi ninao mmoja na wanitosha kwa taabu. Lina kingo kumi na mbili na pembe nane, na pande zote zikiwa sawa laitwa mchemraba. Tufe nalo halina hata pembe moja, kama kichwa cha jirani Fondo. Mimi shule sikuiona, herufi nimeziokota gumbaru, darasa la watu wazima, na mvi kichwani. Lakini miaka yote hii hakuna aliyenambia!

Ijumaa twaitwa shuleni. Kila mtoto apeleke maumbo yake, ayataje mbele za watu. Mmoja tu ndiye atakayekwenda maonyesho ya Kilifi mjini. Na mamake Kabibi, binti yangu, yuko papo hapo Bofa, afanya kazi hotelini. Mtoto hajamwona tangu Krismasi. Basi atakwenda Kabibi. Nimeapa.

Jumanne, 10 Juni

Nimechungulia kwa Trizah, mkewe Fondo. Mjukuu wao Jimmy ana maumbo ya karatasi ngumu ya dukani, yamepakwa rangi. Piramidi nyekundu! Nikasifu kwa meno tu. Trizah akauliza ya kwetu yako wapi. Nikamjibu chungu hakifunuliwi kabla hakijaiva.

Nikang'oa muhogo. Nikachonga mpaka jua likazama: mchemraba, piramidi, silinda, na pia, ile waiitayo koni, yenye ncha ya kuchomea mtu. Kabibi akapima mchemraba kwa rula, akasema pande hazilingani. Nikamuuliza kati yetu nani ameshika kisu miaka mingi.

Jumatano, 11 Juni

Lo! Muhogo umeingia weusi! Dawa yake kila mwanamke wa Kakuyuni aijua: maji ya moto, kidogo tu. Nikatia jikoni. Kisha nikaona haya. Nichemshe muhogo kwa maji matupu, kama sina mnazi uani? Nikatia tui.

Mchemraba umepasuka. Ile pia imelegea. Piramidi sijaiona hadi sasa.

Kabibi akalia. Kisha akala. Nami nikala. Ulikuwa mtamu, siwezi kusema uongo.

Alhamisi, 12 Juni

Mbuzi hupenda karatasi. Nikamfungua wangu karibu na baraza ya Trizah, nikajificha nyuma ya banda la kuku.

Maumbo yalikuwa kabatini! Mbuzi kala mchicha wao wote. Trizah kamrudisha kwa kamba yake mwenyewe, bila tusi, na karatasi ngumu iliyombakia Jimmy akampa Kabibi. Nimeduwaa. Wema wa namna hii una njama ndani yake. Nimeificha chini ya godoro.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeingia shuleni na jiko langu: kinu kichwani kiwe silinda, nazi iwe tufe, na kawa la kufunikia wali liwe pia. Watu wakanipisha njia.

Mwalimu Janet akaipenda nazi. Akamuuliza Jimmy ni umbo gani. Tufe, akasema Jimmy papo hapo. Nikampigia makofi, nilisimama kabisa. Akamgeukia Kabibi. Kabibi akaizungusha, akaipapasa, akasema hawe, yaani mimi bibi yake, nimsamehe, nazi si tufe: ina migongo mitatu na ncha. Na kinu si silinda, kimebanwa kiuno. Kawa ndilo pia kweli.

Damu yangu mwenyewe! Nikapaza sauti kwamba nazi nazijua tangu sijaota meno. Mwalimu akaniomba niketi. Kabibi naye akaniomba niketi. Hata Fondo!

Kisha Mwalimu akasema anayekwenda Kilifi ni yule anayetazama kabla ya kutaja. Kabibi! Nikalia hadharani, nikamkumbatia Trizah kwa bahati mbaya.

Jumapili, 15 Juni

Binti yangu kapiga simu, kaomba ruhusa kazini, Jumatano, siku ya maonyesho, atakuwepo. Mtoto hali, halali, acheka peke yake. Hayo ndiyo matunda ya kinu changu. Mwingine angepeleka karatasi.

Mwalimu Janet ameomba, kwa heshima nyingi, nibaki nyumbani. Maskini, aogopa nitachoka na safari. Nimeshafunga trei ya mayai ya kumpelekea binti yangu. Kabibi kayaona, akanionya mapema kwamba yai si tufe.

Yai ni tufe lililochoka. Jumatano nitakaa mbele kabisa, na waamuzi wakiuliza, nitajibu mimi.