Kunyanyuka kwa Don Eligio

Idara ya Utulivu wa Watoto mjini Santo Domingo ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtoto atakayesubiri kupimwa umakini. Watasubiri wazazi.

Nereida akasubiri tangu asubuhi. Kila alipouliza, karani alimjibu, "Sasa hivi, mama," akaendelea kujipepea, maana umeme ulikuwa umekatika kama kawaida. Binti yake Yuleisi alisharudia darasa la pili, na shule haimpi mwalimu msaidizi mtoto ambaye hajachunguzwa na daktari. Walimu walimwita mtukutu. Mama mtu alijua mtoto hafanyi makusudi, na neno hilo lilimchoma.

Kipimo kilibuniwa na Mkurugenzi, Don Eligio, kwa weledi wa hali ya juu. Mtoto na Mkurugenzi hukaa wakitazamana. Mtoto akitulia mpaka kengele, ni mzima, aende zake. Atakayenyanyuka, yeyote awaye, humwona daktari siku hiyohiyo. Hiyo "yeyote awaye" aliiongeza Don Eligio kwa sababu ilisikika vizuri redioni.

Na siku hiyo Yuleisi, ambaye hajawahi kumaliza sahani ya ndizi za kupondwa akiwa amekaa, akatulia tuli. Macho kayakodoa darini: mjusi amelala juu ya pangaboi.

"Hata kujikuna, wewe?" mama akanong'ona. "Nyumbani si unapanda mpaka friji!"

"Nyamaza, mama. Ataanguka."

"Mtoto mzima kabisa," alisema Don Eligio, mkono ukiifuata kengele.

Hapo umeme ukarudi. Mtaa mzima ukapiga ukelele, "Umekujaaa!", kama unavyofanya kila umeme ukirudi, na Don Eligio, mtoto wa mtaa huohuo, akaruka mikono juu, akakimbilia soketi kuchaji simu yake. Pangaboi likazunguka, mjusi akarushwa, Yuleisi akamfuata chini ya meza.

"Wamenyanyuka wawili," alisema Daktari Iluminada, daktari wa Idara, aliyekuwa pembeni akitazama.

"Mimi sihesabiwi!"

"Yeyote awaye, Don," Nereida akamkumbusha.

Don Eligio akavimba. "Kunyanyuka si utovu wa adabu! Kuna mtu mwili unatangulia, akili inakuja nyuma! Huyo ni wa kusaidiwa, si wa kusutwa!"

Miaka miwili Nereida alikuwa akingoja mtu mwenye mhuri aseme hivyo. Machozi yakamtoka pamoja na kicheko. "Daktari, andika hivyohivyo."

Iluminada akaandika. Akakaa na mtoto, akamsikiliza mama, akampigia simu mwalimu. "Umakini anao tele," alisema. "Kinachomshinda ni kuuelekeza." Yuleisi akatoka na kibali cha mwalimu msaidizi, kiti cha mbele na ruhusa ya kusimama akizidiwa.

Nje, Don Eligio alikuwa benchini, mguu ukimtikisika.

"Zamu yangu lini?" aliuliza.

Karani hakuinua hata macho. "Sasa hivi, baba."