Malalamiko ya Mtu Aliyekatwa Kwenye Mti wa Ukoo Akiwa Hai

Nablus,
Jumatatu, baada ya mavuno ya zeituni.

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mti wa Ukoo wa Mirshad,
Binamu yangu Haji Wasfi,

Nakuamkia kwa heshima zote, nikitumaini goti lako limepoa na kwamba barua hii itakukuta umeketi, maana si ya kusomwa mtu akiwa amesimama.

Nimeuona mti mpya wa ukoo mliotundika ukutani mwa baraza letu. Ni kazi nzuri, sina kinyongo. Shina limenona, na majina mia nne na kumi na mawili yamepangwa kwa mwandiko wa kupendeza. Nasikia mwezi ujao utachongwa kwenye shaba ili usifutike tena. Ndiyo maana naandika leo. Kwenye tawi la tatu kulia, karibu na taa, nimejikuta mimi, Nazmi bin Lutfi, nimewekewa neno moja kwa wino mwekundu: "Amekatika." Nikinyamaza sasa, nitabaki nimekatika mpaka Kiyama. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mimi ni mzima. Naijua desturi: asiyeacha mtoto wa kiume huandikwa hivyo. Lakini hata desturi yenyewe huwa na adabu ya kumsubiri mtu afe kwanza. Mimi jana nilikula sahani mbili za kunafa, ile ya jibini na shira. Tena nina mabinti watano, namshukuru Mungu: Ibtihaj, anayefundisha hesabu, Siham, mke wa mfamasia, Nuha, aliyeko Kuwait, na Faryal, ambaye wewe mwenyewe humwita kila mashine yako ya kufulia inapogoma. Nina wajukuu kumi na mmoja. Kama huku ndiko kukatika, sijui waliostawi wanalala wapi.

2. Ami yetu Subhi aliondoka kwenda Honduras enzi za babu, na tangu siku hiyo hajaandika hata kuuliza hali. Hakuna ajuaye kama alioa, kama alizaa, kama alifika. Lakini Kamati imemchorea tawi la kijani lenye jani tupu, eti huenda ana wana. Yaani mtu asiyejulikana alipo anawekewa matumaini, na mimi mnayenikuta kila Ijumaa msikitini napigwa wino mwekundu.

3. Mwezi uliopita kijana mmoja wa ukoo wetu alikuja kutoka Amman. Alipita barazani kwanza, akausoma mti, kisha akaja kwangu na uso wa msiba. Alinishika mkono akasema, "Pole sana, ami. Mungu ndiye mtoaji." Wakati huo wajukuu wangu watatu walikuwa wamemkalia miguuni na wa nne anammiminia maji ya limau. Nilimshukuru kwa pole zake. Ningefanya nini?

4. Mwaka jana mlinipeleka posa tisa. Huniketisha mbele kwa sababu ya mvi zangu na koti langu la sufu. Kahawa inamiminwa, wazee wote wanaiangalia tu bila kuigusa, mpaka mimi niseme yale maneno na baba wa msichana aitikie ndiyo. Mara tisa nimemwambia mtu kwamba binti yake ni taji ambalo ukoo wetu utalivaa kichwani, na mara tisa kahawa imenyweka. Sikujua kwamba taji hilo likifika kwetu halipati hata jani. Kuanzia sasa naomba nisiitwe. Mpelekeni Subhi.

5. Hili ndilo kubwa. Nilipokujia kwa upole, ulinijibu mbele ya watu, huku unatafuna mbegu za boga: "Sasa binamu, unataka tufanyeje? Binti ni jani la mti wa watu. Hata angekuwa babu Mirshad mwenyewe, kama hakuacha dume tungempiga wino na maisha yaendelee!" Watu wakacheka. Mimi nikaenda nyumbani nikifikiri, na baada ya kufikiri nikaenda kumtafuta babu Mirshad.

Unajua kwamba hesabu ya watu ya enzi za Waturuki inamfikia baba wa babu yetu, basi. Hapo juu yake Kamati imejaza yenyewe: jemadari, mpanda farasi, ametoka Hijazi na wapiganaji arobaini. Mimi nikapita nyuma ya hesabu hiyo, nikaingia kwenye daftari kuukuu za mahakama ya kadhi. Nimezisoma kwa macho yangu haya, miezi minne, vumbi likinikaba koo. Nikampata. Mirshad alikuwa mkamua ufuta. Hakuwa na farasi. Alikuwa na ngamia mmoja wa kuzungusha jiwe, tena kipofu. Na daftari linasema waziwazi kwamba alifariki bila kuacha mwana ila binti mmoja, jina lake Zumurrud.

Huyo Zumurrud aliolewa na fundi wa kupiga pamba za magodoro, mgeni aliyepita mtaani na upinde wake wa kupigia pamba begani, ambaye karani ameandika kwamba "hajulikani atokako." Akahamia kwa mkewe. Wakazaa Salih na Nasir, na mtaa mzima ukawaita wana wa nyumba ya Mirshad. Ndiye Salih huyo mliyemchora kama mwana wa Mirshad, na kutoka kwake tumetoka sote, wewe ukiwa wa kwanza.

6. Kwa kanuni yako mwenyewe basi, Mirshad amekatika. Wino mwekundu unatakiwa shinani, si kwenye tawi langu. Majina yote mia nne na kumi na mawili hayana pa kuning'inia. Kamati haikuzaliwa, kwa hiyo haikuwahi kukutana, na uamuzi wake ni batili. Katika mti mzima jina lililoandikwa sawasawa ni langu peke yangu.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Ama mti ukatwe shinani na fundi wa shaba atuchongee godoro, ama Zumurrud aandikwe shinani, na kila binti wa ukoo huu apewe jani lake kwa jina lake. Mimi sitakubali ukoo ambao mtu anaweza kuwasahau mabinti zake mwenyewe na bado akajiita baba.

Nisalimie binamu Fakhri, binamu Rushdi, wanao wote watatu, na wote wa nyumbani.

Wako aliyekatika,
Nazmi bin Lutfi

Nyongeza: Mwandiko huu mzuri si wangu. Mkono wangu unatetemeka, hivyo nimetamka tu na Rudaina ameandika. Rudaina ni binti yangu mdogo. Nakiri pia kwamba ndiye aliyezisoma zile daftari miezi yote minne, kwa kuwa mimi mwandiko wa zamani siujui hata herufi. Kazi yangu ilikuwa kumshikia koti. Alipomaliza kuandika alinisomea yote kwa sauti, akaweka kalamu chini, akaniuliza, "Baba, hivi sisi tuko watano au wanne?" Nikahesabu namba moja hapo juu, nikahesabu tena. Nikamuuliza kwa nini hakunikumbusha wakati natamka majina. Akasema, "Nilikuwa nangoja nione kama utanifikia."

Nimemwomba ajiongeze. Amekataa, anasema barua iende ilivyo. Basi binamu, neno lililo kwenye tawi langu usilifute kwanza. Na ile kalamu nyekundu, Rudaina anauliza kama mnaweza kumwazima alikoleze.